Acheni Kuwaambia Vijana Wasubiri Gitaa la Jina

Kuna ushauri unaozunguka Morogoro, kuanzia Kihonda hadi Bigwa, kwenye kwaya, kwenye bendi chache zilizobaki na kwa walimu wanaofundisha muziki majumbani. Kijana akisema anataka gitaa na mkononi ana laki mbili na nusu, anaambiwa aziweke. Asubiri, akusanye mpaka afikie Fender au Gibson, kwa sababu la Kichina la Kariakoo litamharibu mkono, litamharibu sikio, na mwisho atalitupa stoo. Hapo hutiwa methali: rahisi huvunja upishi. Ushauri huu nimeusikia ukitolewa kwa upendo na watu ninaowaheshimu. Hata hivyo nasema bila kumung'unya maneno kwamba umewanyima watu muziki kuliko magitaa mabovu yote yaliyowahi kuingia nchini.

Hesabu yenyewe ni hii. Gitaa la umeme la Fender lililotengenezwa Marekani kwa kawaida hufika dola 1,500 au zaidi, yaani zaidi ya milioni tatu na nusu za Kitanzania, na hapo hujagusa nauli, ushuru wa forodha wala VAT ya asilimia 18. Kijana anayeuza nyanya za Mgeta pale sokoni au anayeendesha bodaboda ya mtu Msamvu atazikusanya lini? Miaka mitatu, minne, mitano, na njiani kuna ada ya mdogo wake, kuna msiba, kuna paa la bibi. Anaanza kusubiri akiwa na miaka kumi na saba, vidole vikiwa vyepesi na jioni zikiwa zake. Akifika ishirini na mitatu ana mtoto, na zile jioni zimekwisha. Anayemwambia asubiri hajamwokolea laki mbili na nusu. Amemlia miaka ambayo hakuna duka linaloiuza.

Watetezi wa gitaa la jina hupenda kumtaja mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, kwamba solo zile haziwezi kutoka kwenye ubao wa laki mbili. Haya, tumzungumzie Mbaraka. Aliingia Morogoro Jazz mwaka 1965, bendi iliyokuwapo tangu 1944. Mwaka 1970 alikwenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akaondoka na kuunda Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Katika mfumo wa wakati ule, vyombo vilikuwa mali ya klabu, ya mwenye bendi au ya shirika. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na mwanamuziki wake alilipwa mshahara kama karani. Mpiga gitaa hakuja na Fender begani. Alikuja na mkono uliokwisha kufundwa, akapewa chombo cha bendi, na siku akihama bendi alikiacha palepale. Kwa hiyo gitaa zuri lilikuja mwisho wa safari ya kujifunza. Sasa tumeligeuza kuwa nauli ya kuanzia safari.

Mkono ule ulifundwa na nini? Na gitaa kavu la mtaani, galatoni. Haya yalikuwa magitaa ya bei ya chini yaliyotoka kwa kampuni ya Gallo ya Johannesburg, na yalisambaa Kusini, Kati na Mashariki ya Afrika kiasi kwamba jina la kiwandani likawa jina la kila gitaa kavu. Kisa chake kimoja kinastahili kujulikana na kila mwalimu wa gitaa Morogoro. Miaka ya 1950 gitaa hilohilo, aina ya Gallotone Champion, liliuzwa Uingereza kwa barua kwa pauni kumi hivi, na mmoja wa waliolipata alikuwa kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon. Ndilo alilokuwa akilipiga tarehe 6 Julai 1957, kwenye tamasha la kanisa la Woolton, siku aliyokutana na Paul McCartney. Ndani ya tundu lake kulikuwa na karatasi ya kiwanda iliyodhamini kwamba ubao hautapasuka. Basi hapo ndipo Beatles walipotokea: gitaa rahisi la Afrika Kusini, uani kwa kanisa. Angepata washauri wetu, angeambiwa asubiri.

Dhamana ile ya kutopasuka inanipeleka kwenye jambo ambalo wapenda majina hawaligusi kabisa, nalo ni hali ya hewa ya hapa kwetu. Upande wa mashariki wa Uluguru, kule Kinole, mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mjini Morogoro, upande wa pili wa mlima huohuo, haifiki nusu yake, na kuanzia Juni hadi Oktoba hewa inakauka mpaka milango inapata nyufa. Gitaa kavu la bei kubwa huwa na uso wa ubao mzima, mara nyingi mspruzi uliopasuliwa mwembamba wa milimita tatu. Ubao huo ndio unaolipa ile sauti pana inayosifiwa, na ndio unaovimba Kinole na kupasuka Kihonda usipokuwa na kasha na kifaa cha kutunza unyevu. Gitaa kavu rahisi lina uso wa mbao nyembamba zilizogundishwa kwa tabaka, plaiwudi kwa maana halisi. Sauti yake ni finyu zaidi, nakubali. Lakini tabaka zile zimepishana nyuzinyuzi zake, kwa hiyo ubao hauendi huku wala kule. Ukilichukua Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya juu mlimani na kulirudisha mjini Jumatatu ndani ya Noah iliyojaa ndizi, litakuwa lilelile. Kwa mazingira haya, mtu akiniambia plaiwudi ni upungufu, namuuliza yeye anaishi wapi.

Sasa hoja yao nzito, ambayo siipuuzi: kwamba gitaa rahisi linaumiza vidole, kijana anakata tamaa na kuacha. Ni kweli linaumiza. Nimewaona watoto wakilamba ncha za vidole baada ya nusu saa. Ila maumivu yale yana chanzo kinachoonekana kwa macho, na chanzo hicho hakina uhusiano wowote na jina lililoandikwa kichwani. Kiwandani gitaa la bei ya chini halimaliziwi. Mifereji inayopitisha nyuzi pale juu, shingo inapokutana na kichwa, huachwa na kina kidogo kwa makusudi, kwa kuwa kuichonga sawasawa kunahitaji mtu na dakika kumi, na dakika hizo ndizo zilizopunguzwa kwenye bei. Uzi unakaa juu mno, kidole kinausukuma mbali mno, na chodi ya F inakuwa adhabu. Fundi mwenye tupa ndogo anaimalizia kazi ile iliyoachwa. Akishusha na kidaraja cha chini, uzi uliokuwa umekaa milimita nne juu ya freti ya 12, yaani kile chuma cha kumi na mbili cha shingoni, unakuja kwenye mbili na ushei, na lile gitaa lililokuwa likimliza mtoto linakuwa laini. Hapo hatujanunua gitaa jingine. Tumelimaliza lilelile.

Hapa naomba msomaji anifuate hadi dukani, maana kuchagua ni kazi ya mikono. Tangu treni ya SGR ianze kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, mtu anaweza kwenda Kariakoo asubuhi na kurudi jioni ileile, kwa hiyo hana sababu ya kununua kwa picha ya simu. Aende na futi kamba ya fundi cherehani. Apime kutoka mwanzo wa shingo, pale nyuzi zinapoanza kulia, hadi freti ya 12, kisha kutoka hapo hadi kidaraja. Kwenye gitaa lenye uzi wa sentimita 64.8, nusu ya kwanza iwe 32.4, na ya pili iizidi kwa milimita mbili tatu tu. Ikipungua au ikizidi kwa sentimita nzima, gitaa hilo halitakubali kutyuniwa hata lishikwe na malaika, na hakuna fundi atakayelinusuru kwa bei ya maana. Aliache palepale.

Kisha alinyanyue alielekeze machoni, kitako kikiwa mbali, aangalie ukingo wa shingo kama seremala anavyoangalia ubao. Upinde mdogo sana kwenda mbele unaruhusiwa, kwa kuwa nyuzi sita za gitaa kavu huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hivi, na wengi wa watengenezaji huweka ndani ya shingo chuma cha kuirekebisha kwa kifunguo cha pembe sita, cha aina walichonacho mafundi baiskeli. Ila shingo iliyopinda ubavuni, iliyosokotwa, haina dawa. Abonyeze kila uzi kwenye kila freti, mmoja mmoja, bila kuona haya mbele ya muuzaji, asikilize kama kuna pahali unapokwaruza au kunyamaza. Abonyeze uzi kwenye freti ya tatu, kisha achungulie uwazi uliobaki juu ya freti ya kwanza: ukiwa mwembamba kama unywele, mfereji ni mzuri, ukitosha kupitisha njiti ya kiberiti, fundi ana kazi. Mwisho atyuni kwa programu ya bure ya simu, avute kila uzi kwa nguvu mara kadhaa, na atazame tena. Nyuzi mpya hulegea, hilo si kosa. Lakini kishikizo kinachozunguka chenyewe mtu akiwa anakitazama ni sababu ya kudai gitaa jingine la aina ileile, na mara nyingi lililo pembeni yake ni zima.

Hayo yakifanyika, jina la kichwani halina kazi. Na yasipofanyika, Gibson yenyewe inaweza kumrudisha mtu nyumbani na shingo iliyopinda, hasa ya mtumba, ambayo ndiyo anayouziwa maskini anayetafuta jina.

Lakini kosa kubwa la dini hii ya jina liko kwenye muziki wenyewe kuliko kwenye mfuko. Wanaoishika wanafikiri gitaa ni chombo cha mtu mmoja anayesimama mbele. Muziki wa Morogoro haujawahi kuwa hivyo. Sikilizeni Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kisha ya Juma Kilaza aliyeishika baada ya Salum kufariki kwa ajali mwaka 1965. Sikilizeni Morogoro Jazz. Kuna gitaa la rhythm linalorudia kifungu kifupi bila kuchoka, kuna besi inayotembea chini yake kwa hatua zake, kuna solo inayoingia pale mwimbaji anapovuta pumzi, na katika bendi nyingi za miaka ya 1970 kuna second katikati, inayosuka kati ya rhythm na solo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosikika kama muziki ikipigwa peke yake. Rhythm peke yake inachosha. Solo peke yake ni mtu anayejisemesha. Zikishikana, hapo ndipo watu wanaposimama. Na sehemu kubwa ya nyimbo zile zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumba kimoja, kwa vyombo ambavyo leo mkusanyaji wa magitaa asingevipa nafasi ukutani.

Kwa hiyo mwenye milioni tatu na nusu ana uamuzi. Anaweza kununua Fender moja, akaipiga chumbani kwa kufuatisha muziki wa simu. Au kwa pesa hiyohiyo akapata magitaa mawili ya umeme ya kawaida, besi, ampli mbili za mtumba, nyuzi za akiba na malipo ya fundi, na akabaki na chenji. Yule wa kwanza amenunua kitu. Huyu wa pili ana watu wanne, mwimbaji akiwemo, ambao itabidi wasikilizane kila Jumanne na Alhamisi, na kusikilizana huko ndiko kulikotufanya tujulikane mpaka Nairobi na Mombasa. Tumefikia mahali kijana ana vidole vya ajabu na hana wa kupiga naye, kwa sababu wenzake watatu bado wanakusanya.

Kuna mahali pamoja ninapowaafiki, na ni vizuri nipataje kwa kuwa swali limeanza kuletwa na vijana wa kwaya. Wanaipenda ile sauti inayolia na kuteleza kwenye nyimbo za Don Williams, ambazo zimezoeleka nchi hii kama za kwetu, na wanauliza chombo kile kinapatikana kwa bei gani. Ni gitaa la chuma la pedali: linalazwa juu ya miguu minne, lina nyuzi kumi, pedali tatu za nyayo na nyenzo nne au zaidi za magoti, na mpigaji anateleza kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibonyeza. Wanigeria walilifanya lao, na Demola Adepoju alilipiga kwenye bendi ya King Sunny Adé. Hapa urahisi wa hovyo hauna msamaha. Pedali ya kwanza inapandisha nyuzi za B hadi C shapu, ya pili inapandisha za G shapu hadi A, na mguu ukiachia, kila uzi lazima urudi palepale ulipokuwa. Mashine isiyorudi hasa palepale haina muziki ndani yake, na hakuna tupa itakayoisaidia. Watengenezaji wa magitaa hayo, Sho-Bud, waliwahi kutoa aina ya wanafunzi, Maverick, yenye pedali tatu na nyenzo moja ya goti au bila hata moja, na wengi waliianza wakalazimika kuiacha mapema. Jipya la kuanzia linazidi dola 1,000, na pamoja na sanduku lake ni mzigo mzito wa kusafirisha kwa ndege. Kuzeeka kwake si tatizo: lililotumika miaka arobaini, mashine yake ikiwa kamili, ni bora kuliko jipya la kubahatisha.

Hata hivyo sababu ya kuafiki ni ileile niliyoisema dukani: chombo kishike tyuni. Bei inafuata, haitangulii. Na hata kwa mwenye hamu hiyo, jibu la kusubiri bado ni baya. Gitaa la kuteleza lilizaliwa Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na kijana anayetajwa zaidi, Joseph Kekuku, alianza na kipande cha chuma juu ya gitaa la kawaida. Pedali zilikuja kuteka masikio ya watu mwaka 1954, Bud Isaacs alipopiga kwenye wimbo wa Webb Pierce. Miaka sitini hivi ilipita wengi wakiliza chuma bila pedali hata moja. Kijana wa Mji Mpya anaweza kuanza leo. Achukue gitaa rahisi, hata lile ambalo shingo yake haibonyezeki tena, apenyeze kipande cha chuma chini ya nyuzi pale juu ili zinyanyuke, alilaze mapajani. Ashushe uzi wa kwanza, wa tano na wa sita toni moja kila mmoja, apate chodi ya G bila kubonyeza chochote. Alegeze, asikaze, maana shingo ya bei ndogo haitaki mzigo zaidi. Kisha chuma laini, kizito, mkononi. Wamalawi wamefika mbali zaidi: Madalitso Band wamezunguka matamasha ya Ulaya na babatoni ya kujitengenezea, uzi mmoja unaotelezwa, pamoja na gitaa na ngoma ya mguu. Hawakusubiri mtu awaletee gitaa la pedali la Emmons kutoka Marekani.

Kwa sasa ninaowalenga hasa ni wenye uwezo wa kuamua, yaani kamati za kwaya na wazee wa usharika. Kila baada ya miaka michache kanisa linachangishana mamilioni kununua kinanda kikubwa chenye ngoma ndani yake. Kinapigwa na mmoja. Vijana ishirini wamekaa kwenye mabenchi wakimtazama, na akihamia Dodoma kwa kazi, kinanda kinafunikwa kitambaa. Safari ijayo chukueni laki tisa kutoka kwenye mchango huo. Nunueni magitaa matatu yaliyopimwa kwa futi kamba namna nilivyoeleza, mpeni fundi ayamalizie mifereji, na wekeni akiba ya seti sita za nyuzi, kwa kuwa uzi ukikatika bila akiba gitaa linakaa ukutani hadi Pasaka. Fungueni daftari la kuazima: jina, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Gitaa liende nyumbani na mtoto Jumapili jioni, lirudi Jumamosi mazoezini, na ufunguo wa kabati usikae kwa mwenyekiti wa kwaya peke yake.